Daftari na Wingu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imetamkwa mara nyingi hata makali yake yamepungua masikioni, kama kisu kilichokata vingi bila kunolewa. Walakini ndani yake mna neno moja linalostahili kutazamwa upya, nalo ni habari. Methali haikusema kuwa mali isiyoandikwa huibwa, wala haikusema kuwa huungua au huzama. Ilisema kuwa hupotea bila habari. Yaani, huondoka pasipo mtu kujua siku iliyoondoka, mkono ulioiondoa, wala mahali ilipokwenda. Mwizi aliyevunja mlango ameacha alama mlangoni. Moto ulioteketeza duka umeacha majivu. Mali iliyokosa kumbukumbu haiachi alama wala majivu, na mwenyewe hana la kumwambia hakimu wala mrithi.

Wahenga hawakuulizwa swali ambalo zama hizi zinauliza: je, daftari lenyewe likipotea? Swali hilo limekuwa zito kwa sababu daftari la leo halikai tena mezani. Linatoka katika kabati la chuma, linaingia katika kompyuta, na kutoka hapo linapelekwa mahali ambapo mafundi wamepaita wingu. Wafanyabiashara wa miji mikubwa walitangulia katika safari hiyo. Wa miji midogo wanafuata. Na aghalabu wanaofuata huambiwa namna ya kufika bila ya kuambiwa namna ya kufika salama.

Mji wa Songea ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, wa kahawa ya Mbinga, korosho za Tunduru, tumbaku ya Namtumbo, ufuta, soya na mbaazi. Mazao hayo yote hupita katika mizani, na mizani hufuatwa na kalamu. Desturi hiyo si ya jana. Chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina fupi la NGOMAT, kilianza mwaka 1936 kwa ajili ya wakulima wa tumbaku. Tangu hapo vizazi kadhaa vya wakulima vimesimama mbele ya karani, vikatazama mizani, vikangoja jina liandikwe. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, vikabadilika majina na mipaka. Karani na daftari lake walibaki.

Yafaa ieleweke kilichomo katika mstari mmoja wa daftari hilo. Mna jina, kijiji, kilo, bei, deni la mbolea lililokatwa, na salio. Kwa mgeni hizo ni tarakimu. Kwa mkulima huo ndio mwaka wake mzima: mvua aliyoingoja, palizi aliyoinamia, na ada ya shule iliyoahidiwa mtoto. Mkulima ambaye jina lake halimo daftarini ni kama hakulima. Gunia lake limechanganyika na magunia ya wenzake, na gunia halina ulimi wa kumtaja aliyelijaza. Kwa hiyo mtu anayeuliza habari za usalama wa data katika Songea haulizi habari za mashine. Anauliza kama mtu aliyelima atalipwa.

Karatasi ilikuwa na maadui wake, na haki yadai watajwe ili asije mtu akalililia kabati la zamani kwa machozi ya bure. Mchwa walikula kurasa kutoka chini. Paa lililovuja katika mvua za Januari liligeuza wino kuwa madoa. Karani alihamishwa akaondoka na ufunguo. Na ukurasa mmoja ulichanika mahali ambapo mtu fulani alitaka uchanike. Kompyuta ilipofika iliondoa baadhi ya maadui hao, ikaleta wengine. Mpaka njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipoufikia mji mwaka 2018, Songea ilitegemea kwa kiasi kikubwa mitambo ya mafuta, na kompyuta iliyozimika katikati ya hesabu ilirudi ikiwa imesahau nusu ya siku. Hata umeme ulipotengemaa, kompyuta moja juu ya meza moja ilibaki kuwa daftari moja katika nyumba moja. Mwizi akiichukua, amechukua na wadeni wote.

Basi wanaohamia winguni hawakosei. Nyumba yenye walinzi usiku na mchana, umeme wa akiba na mafundi waliosomea kazi hiyo ni imara kuliko kabati la duka lolote katika mitaa ya Majengo au Mfaranyaki. Kosa hutokea mtu anapodhani kwamba kuhama kwenyewe ndiko kulinda.

Jina la wingu ni zuri, na uzuri wake ndio hadaa yake. Wingu la mbinguni halina mlango wala ufunguo. Humnyeshea mwema na mwovu. Halina mpangaji wala mwenye nyumba. Wingu la kompyuta ni jengo. Lina kuta, anwani, bili ya umeme na sheria za nchi lilimojengwa. Microsoft ilifungua majengo ya namna hiyo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua yake Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Kumbukumbu za muuza pembejeo wa Songea zaweza kulala huko, au mbali zaidi, Ulaya au Marekani, na yeye mwenyewe asijue zililala wapi.

Baina ya duka na jengo hilo ipo njia, na njia ina hatari zake. Data hushuka kwa waya kutoka nyanda za juu hadi pwani, na kutoka pwani huzama chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Data za watu hazikupotea siku hiyo. Zilikuwa salama mahali zilipokuwa. Lakini aliyekuwa na daftari lake lote ng'ambo, asibakize hata orodha ya wadeni nyumbani, alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, anaiona kwa dirisha wala haingii. Kuwa salama ni jambo moja, na kupatikana siku ya haja ni jambo jingine. Mwenye busara hutafuta yote mawili.

Wakulima wa Ruvuma hawahitaji mwalimu wa mbali ili waelewe wingu, maana wanalijua ghala. Kwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mtu hukabidhi zao lake katika ghala lenye leseni, zao hupimwa uzito na ubora, naye hupewa stakabadhi. Kisha zao hupelekwa mnadani, na siku hizi minada ya ufuta, soya, mbaazi na korosho hupitia katika mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambamo mnunuzi hutaja bei kwa mtandao bila ya kukanyaga ghalani. Katika utaratibu huo mwenye ghala ana wajibu wake: paa lisivuje, panya wasiingie, mlinzi asilale. Lakini mkulima akileta ufuta uliochanganyika na mchanga, ghala haliugeuzi kuwa safi. Akimwachia mpita njia stakabadhi yake, ghala halina macho ya kujua. Na asipousoma uzito ulioandikwa, hapana wa kumsomea.

Wingu lina mgawanyo huohuo. Kampuni yenye mitambo hujibu juu ya jengo, umeme, mashine na mlango mkuu. Mwenye data hujibu juu ya alichokiweka, aliowapa funguo, chumba alichokiacha wazi, na nakala aliyoiweka au asiyoiweka kwingine. Mikataba ya kampuni hizo husema hivyo bila kuficha, ila husema kwa kurasa nyingi na kwa lugha ya kigeni, na mteja hubonyeza mahali pa kukubali kabla ya kusoma. Yako mambo yaliyotukia duniani ambayo yaufafanua mkataba huo kuliko mwanasheria.

Mwaka 2014 palikuwa na kampuni iliyoitwa Code Spaces, iliyowahifadhia wengine kazi zao za programu, nayo yenyewe ilipanga katika mitambo ya Amazon. Mwezi wa Juni mtu asiyejulikana akapata njia ya kuingia katika ukumbi wa kuendeshea akaunti yao, akadai fedha. Walipojaribu kumtoa, akaanza kufuta. Katika muda wa saa 12 alikuwa amefuta sehemu kubwa ya data pamoja na nakala za akiba, kwa kuwa ufunguo uliofungua mali ndio uliofungua na akiba yake. Kampuni ikafunga milango. Jengo la Amazon halikupata hata ufa.

Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilitangaza kuwa taarifa za watu wapatao milioni 106, wa Marekani na Kanada, zilikuwa zimechukuliwa. Aliyezichukua alipita katika kizuizi ambacho benki yenyewe ilikuwa imekipanga vibaya katika mitambo iliyoikodi. Mwaka uliofuata wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya dola milioni 80. Faini ile iliangukia benki, maana mteja alimpa benki amana yake, hakumpa mwenye mitambo.

Mwaka 2021, usiku wa tarehe 10 Machi, moto ulizuka katika majengo ya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walihangaika kwa siku chache kisha wakaendelea na kazi. Waliokuwa wameweka nakala ndani ya jengo lilelile waligundua kuwa walikuwa na jina la akiba bila ya kuwa na akiba.

Mwaka 2024 jambo la namna hiyo lilitukia Australia, lakini mwisho wake ukawa mwema. Mfuko wa pensheni wa UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulifutiwa mazingira yake katika mitambo ya Google kwa hitilafu ya mpangilio upande wa mwenye mitambo. Wanachama walikaa zaidi ya juma moja wasiweze kuona akaunti zao. Hata hivyo hapana aliyepoteza akiba ya uzee wake, kwa sababu mfuko ule ulikuwa umeweka nakala kwa mtunzaji mwingine tofauti. Aliyeusimamia uamuzi ule, siku alipouombea fedha, bila shaka aliulizwa kwa nini kitu kimoja kilipiwe mara mbili.

Mengi kati ya mambo haya manne yamewapata wakubwa, na mdogo aweza kudhani kuwa hayamhusu. Yanamhusu zaidi. Mkubwa akianguka hushika ukuta. Mdogo hana ukuta. Chama cha msingi kikipoteza orodha ya msimu mmoja, hakuna hazina ya kulipia kosa, na imani ya wanachama ikivunjika, mwaka unaofuata watauza kwa walanguzi njiani.

Yafaa sasa kuitazama safari yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wengi huumia. Songea inaijua adabu ya kusafirisha kitu. Mtu anayetuma mzigo kwa basi kwenda Dar es Salaam haurushi tu ndani ya buti. Huufunga, huuandika jina na namba ya simu, huchukua risiti, huandika namba ya basi, kisha humpigia mpokeaji amwambie saa ya kufika. Na mpokeaji asiporudisha habari, mtumaji halali. Kuhamisha data kwataka adabu hiyohiyo.

Kwanza kuna kuchagua. Si kila kilichomo kabatini kinastahili kusafiri. Orodha za zamani, nakala za vitambulisho vya watu waliokwisha kulipwa na kuondoka, majina yaliyorudiwa mara tatu, yote hayo ni mzigo unaoongeza hatari bila kuongeza faida. Kinachofaa kufutwa na kifutwe, na kinachotakiwa na sheria kitunzwe na kitunzwe. Pili kuna kufunga. Data zinazosafiri zigeuzwe kuwa fumbo ambalo mwenye ufunguo peke yake aweza kulifumbua, njiani na hata zikisha kufika, ili anayezinasa anase maandishi yasiyosomeka. Tatu kuna kuhesabu. Yakiondoka majina 412, yafike 412. Jumla ya kilo iliyoandikwa huku ilingane na jumla iliyosomwa kule. Tena wachaguliwe wakulima kumi katika vijiji tofauti, mistari yao isomwe neno kwa neno. Nne kuna kurudisha kwa majaribio. Nakala ambayo haijapata kurudishwa ni ahadi tu. Siku ya kuijaribu isiwe siku ya msiba. Tano kuna kusafisha nyumba ya zamani. Wengi huhamia winguni huku kompyuta ya kale ikiuzwa kwa fundi pamoja na kumbukumbu zake zote, na flashi tatu zenye orodha ileile zikizunguka katika mifuko ya mashati. Aliyehama akaacha mlango wa nyumba ya kale wazi hakuhama. Amejiongezea nyumba ya pili ya kulinda.

Na juu ya yote hayo iwepo hati: nini kilitoka, siku gani, kilipelekwa wapi, na nani alikipeleka. Mtu wa haraka huiona hati hiyo kuwa mzaha wa ofisini. Watu wa Songea wana sababu ya kuifikiri vingine. Mji wao una jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji, na wazao wake wanaamini kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mjini hapo, akakutana na wazao hao, akaomba radhi, akaahidi kusaidia kutafuta. Zaidi ya karne moja ilikuwa imepita, na neno lilikuwa bado ni kutafuta. Mfupa wa shujaa na mstari wa daftari havilingani heshima, na mtu asivipime kwa mizani moja. Walakini uchungu wa wazao wale unafundisha jambo lisilosahaulika: kitu kikiondoka pasipo hati ya mahali kilipokwenda, hata aliye tayari kukirudisha hajui aanzie wapi. Huko ndiko kupotea bila habari.

Baada ya safari huja suala la funguo, na hapa adui hana haja ya elimu kubwa. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, nchi nzima imejifunza maana ya namba ya siri. Mama anayeuza vitumbua anajua kuwa namba hiyo haitajwi kwa wakala, wala kwa mpwa. Nchi nzima pia imeupokea ule ujumbe maarufu usemao kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii. Mwandishi wa ujumbe huo havunji kitu. Anatumaini tu kwamba kati ya watu elfu yuko mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa anadaiwa hela na mtu. Wezi wa data hufanya vivyo hivyo: huandika barua yenye sura ya kampuni, huomba neno la siri lithibitishwe, na mwenye nyumba humfungulia mwizi kwa mkono wake mwenyewe.

La ajabu ni kwamba hekima ile ya namba ya siri ya simu huachwa mlangoni mwa ofisi. Mtu asiyeweza kumtajia mkewe namba ya simu yake huandika neno la siri la biashara nzima kwenye karatasi, akalibandika pembeni ya kompyuta ili makarani wanne walitumie. Kosa likitokea, wote wanne ni washukiwa na hapana hata mmoja mwenye hatia. Karani mmoja akiondoka kwa ugomvi, ameondoka na ufunguo ambao hauonekani mfukoni. Kila mtu na apewe jina lake na neno lake. Apewe chumba kinachohusu kazi yake na kisizidi. Aondokapo, mlango wake ufungwe siku hiyohiyo. Tena neno la siri lisisimame peke yake. Kuthibitisha kwa hatua mbili, neno na alama inayoletwa katika simu au kifaa maalumu, ni sawa na mlango wenye komeo na kufuli. Mwizi aliyepata kimoja bado yuko nje.

Iko hatari nyingine ya miji midogo ambayo vitabu vya miji mikubwa haviitaji sana. Mwenye biashara asiyejua kompyuta humwita kijana fundi amfungulie akaunti. Kijana, kwa wema na kwa haraka, huifungua kwa barua pepe yake mwenyewe na kwa namba ya simu yake mwenyewe. Kazi inakwenda vizuri miaka miwili. Kisha kijana anahamia Mbeya, au anabadili laini. Na namba isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na kupewa mtu mwingine. Siku akaunti inapoomba uthibitisho, alama ya siri inakwenda katika simu ya mtu asiyemjua mwenye biashara wala fundi. Hapana aliyeiba, na mali imekwenda. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye biashara lisiwe wingu lipi ni rahisi. Liwe hili: akaunti hii imeandikwa kwa jina la nani, na mimi nikifa leo, nani ataweza kuifungua kwa haki?

Katika lugha ya Kiswahili liko neno linaloweza kubeba mambo haya yote, nalo ni amana. Amana ni kitu cha mtu kilicho mkononi mwa mtu mwingine, na anayekishika ana mkono lakini hana milki. Mfanyabiashara hulitumia neno hili anapolifikiria wingu: ameweka amana yake kule. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Yeye mwenyewe ni mshika amana wa wengine kabla hajawa mweka amana. Namba za simu za wakulima, namba za vitambulisho vya taifa, madeni yao, viasi vya mavuno yao, havikuwa vyake tangu mwanzo. Mlanguzi akizipata orodha hizo atajua nyumba ipi ina gunia na nyumba ipi ina njaa, na atajua amgongee nani mlango kabla ya mavuno kwa bei ya dhiki.

Sheria ya nchi imeanza kusema lugha hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, azikusanye kwa sababu ya halali, azitumie kwa sababu hiyohiyo, azilinde, na inaweka masharti pale zinapotakiwa kuvuka mpaka wa nchi. Sharti hilo la mwisho lamgusa kila anayepanga katika wingu la ng'ambo, hata akiwa na chumba kimoja cha duka. Anatakiwa ajue zinalala wapi, maana hawezi kujibu juu ya mahali asipopajua. Vyama vya ushirika navyo vimekwisha kuingizwa katika mfumo wa MUVU unaosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ili hesabu zao zionekane na wasimamizi. Hayo ni mema. Lakini sheria huweza kumwadhibu aliyepoteza amana. Haiwezi kumrudishia mkulima mstari wake uliofutika.

Wako watakaosema kuwa tahadhari hizi ni gharama isiyobebeka na mtu mwenye mashine moja ya kusaga na karani mmoja. Hoja yao si ya kudharauliwa, kwa sababu intaneti hulipiwa na muda hulipiwa. Walakini nyingi kati ya tahadhari zilizotajwa hazinunuliwi dukani. Kumpa kila mtu neno lake ni bure. Kuwasha uthibitisho wa hatua mbili ni bure katika huduma nyingi. Kuandika hati ya kilichohamishwa kwataka kalamu. Kuweka nakala ya pili katika kifaa kisichounganishwa na mtandao, na kukikabidhi nyumba nyingine chini ya kufuli, hugharimu pungufu ya gunia la mahindi. Kinachogharimu zaidi ni uangalifu wa kila juma, nao hauuzwi popote wala haukodishwi.

Wako pia watakaosema kuwa ni heri kubaki na karatasi. Karatasi na ibaki, kwa kazi yake: risiti mkononi mwa mkulima ni nakala ambayo hakuna mwizi wa mtandao awezaye kuifikia, na chama kinachoacha kuitoa kwa kisingizio cha maendeleo kimempokonya mwanachama shahidi wake. Lakini karatasi ya karani peke yake ni rehani kwa mchwa na kwa karani. Daftari la winguni na risiti ya mkononi hazishindani. Moja humlinda mkulima dhidi ya moto, nyingine humlinda dhidi ya aliyeshika ufunguo, na siku zikipingana ndiyo siku ya kuuliza maswali.

Kubeba mzigo kwaweza kukodiwa, kujibu hakukodiwi. Ghala hubeba, basi hubeba, waya wa baharini hubeba, na jengo la Johannesburg hubeba. Lakini msimu ukifika, mkulima wa Namtumbo akasimama mbele ya dirisha akiwa na risiti iliyokunjwa mara nne, hatauliza habari za Johannesburg. Atataja jina lake na kilo zake, kisha atanyamaza angoje. Aliye upande wa pili wa dirisha ndiye anayedaiwa jibu.